Kwenu mabinti wa vichekesho: hilo jina linamlisha nani?

Wanangu, hamjambo. Naandika nikiwa kibarazani, vitumbua vimeisha, miguu nimeitia kwenye beseni la maji ya chumvi, kwahiyo msitegemee barua iliyonyooka.

Juzi mjukuu wangu kanionyesha klipu zenu kwenye simu, kama kumi hivi. Yule anayeigiza konda anavyokimbia na chenji ya watu, na yule shangazi wa kitchen party anayefunda wenzie huku mume wake mwenyewe kamkimbia, jamani nilicheka mpaka nikatoa meno nikayaweka pembeni. Nyie mnajua kutuzidi, nasema ukweli. Ila nikamuuliza mjukuu, hawa wanalipwaje? Akanambia eti wana folowazi. Nikanyamaza.

Sisi tumekua na Pwagu na Pwaguzi, sauti tupu kwenye redio ya RTD, mtaa mzima umezunguka redio moja. Alafu 1994 ikaja televisheni ya ITV na vikundi vya maigizo vikapata pa kuonekana, nami nikiwa kwenye kimoja, naigiza mama mkwe mkorofi, na kwa vile nilikua mwembamba kama ufito bosi wa kundi akasema mama mkwe gani hana makalio, wakanifunga mto nyuma ndani ya khanga. Siku hiyo tuko jukwaani ukumbi umejaa, namfokea mkwe wangu, kamba ikalegea, mto ukaanza kushuka taratiiibu mpaka kwenye magoti. Nikaona nikisimama nimekwisha. Nikaendelea kufoka huku nauvuta juu kwa mkono mmoja, unashuka navuta, unashuka navuta, watu wakalala chini kwa kicheko. Kuanzia hapo bosi akasema kila igizo mto lazima udondoke. Miaka 11 nadondosha mto. Hiyo ndo njia yangu ya usanii, sikusomea popote.

Na umaarufu ukaja, nisidanganye, ni mtamu. Konda anakataa nauli, sokoni unaongezewa nyanya. Lakini hela ilibaki nyuma kabisa, sijui ilipanda gari gani. Nikakaa na mtu mmoja kwenye meza ya chai akanipa karatasi moja, moja tu, nikasaini kwa kalamu yake huku nashukuru, kumbe nimeuza kila kitu, sura, igizo, mpaka lile jina la mama mkwe, moja kwa moja. Baadae nasafiri kwenda Mwanza kwa basi, wameweka mkanda wangu kwenye tivii ya mbele, basi zima linacheka mimi nikidondosha mto, kaka wa siti ya pembeni ananiambia mama huyu mwanamke balaa, hata hajanitambua. Nauli nimelipa kamili, na yule kaka nikamnunulia maji. Ndo maana jina lenyewe siliandiki hapa, mnalijua, halijawahi kuwa langu.

Sio mimi peke yangu. Ze Comedy, lile kundi la vichekesho vya kwenye tivii, mnawakumbuka, walipohama kituo cha EATV kwenda TBC kukatokea mvutano juu ya jina, wakaishia kuitwa Orijino Komedi, na wale walikua wanaume wazima wenye nguvu zao na nchi yote inawapenda. Mzee Majuto, mchekeshaji mwenzetu, Mungu amrehemu, kaanza kuigiza akiwa mtoto kule Tanga miaka ya hamsini mpaka kafariki Muhimbili Agosti 2018, na mwaka huohuo, anaumwa, ndo Mwakyembe, waziri wa sanaa wa wakati huo, akaunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Yani mpaka mzee alale kitandani ndo karatasi zisomwe! Hapo huwa nakasirika, tuendelee.

Kwahiyo binti, hilo jina ulilojipa na hiyo staili yako ya kubinua mdomo, kabla hujaitwa kwenye tangazo la sabuni nenda BRELA, wale wa kusajili biashara, kasajili jina, kazi zako zipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ni usumbufu, foleni ipo, nenda tu. Mkataba usiusaini siku uliyopewa hata akikwambia gari linasubiri nje, nenda nao nyumbani ulale nao, na uulize wanalipa mara moja au kila wakirusha, na ni mpaka lini. Akinuna, mwache anune.

Na lile la mwili. Mimi mto nilikua nauvua nikifika nyumbani. Nyie naona mnachekwa unene wenu wenyewe, weusi wenu wenyewe, na anayeandika utani ni kijana wa kiume kakaa nyuma ya kamera. Mwambie aandike na cha kwake.

Kazi zilipokata nilianza kukaanga vitumbua saa kumi alfajiri, najificha, natuma mtoto akauze, maana niliona aibu mtu maarufu kushika karai. Vicoba wenzangu wananipangia hisa kubwa wakidhani ninazo, na mimi natoa, nakopa huku natoa kule. Miaka miwili ya ujinga. Siku mtoto anaumwa nikatoka mwenyewe na beseni kichwani, mama mmoja akanitambua kwa sauti, akaita wenzake, saa moja asubuhi beseni tupu. Hiyo ndo hela ya kwanza ile sura kunilipa mimi.

Wapo wanaokuja bado, mama tuchekeshe kidogo. Nawaambia kitumbua ni bei hii, kuchekesha tutapatana.

Mwenye mkataba ambao hajasaini aje nao Jumapili jioni, nina mpwa kasomea sheria atatusomea. Waliokwisha saini nao waje, chai ipo, sukari mje nayo. Mto bado ninao, uko kabatini. Siuazimishi.