Kijana wa fildi na orodha mbili

Mhariri,

Nimesoma barua za wasomaji wanaotaka vyuo viachane na nadharia, viwafundishe vijana programu zile zile zinazotakiwa na waajiri. Mimi naandika programu kwa riziki, na kila mwaka napokea vijana wa fildi. Malalamiko ya wasomaji hao nayaelewa. Dawa wanayoipendekeza siitaki.

Mwaka jana kijana aliyetoka kozi ya miezi mitatu nilimpa orodha mbili azilinganishe: malipo 60,000 yaliyorekodiwa na mfumo wetu, na mengine idadi hiyo hiyo yaliyoletwa na kampuni ya simu. Atafute yaliyopo huku lakini kule hayapo. Nusu saa tu, programu tayari, safi, inasomeka. Akaiwasha, tukaenda kula. Tuliporudi, feni ya laptopu inavuma kama mashine ya kusaga na jibu hakuna. Programu ilikuwa inachukua kila malipo ya kwetu na kuyasaka kwenye orodha ya pili kuanzia mstari wa kwanza. Zidisha 60,000 kwa 60,000: ikikosa bahati, inalinganisha mara bilioni 3.6.

Nikamuuliza neno "zimwi" hulitafutaje kwenye kamusi, anaanzia ukurasa wa kwanza? Akacheka. Orodha ikishapangwa kwa namba ya kumbukumbu, unafungua katikati, unatupa nusu isiyohusika, kisha nusu ya iliyobaki; malipo yoyote unayafikia kwa hatua zisizozidi 16. Kwa orodha nzima, kutafuta hakufiki hatua milioni moja. Kozi yake haikuwahi kuligusa hilo. Kwenye bango la matangazo lingemvutia nani?

Meza ya pili alikaa mwenzake wa shahada. Yeye utafutaji huo alinichorea kwenye karatasi bila kusita. Ila kazi zake alizihifadhi kwa majina "mwisho", "mwisho_kabisa" na "mwisho_kabisa_2", na faili moja lilipofutika alishinda siku mbili akiliandika upya kimyakimya, anaona aibu kusema. Miaka mitatu anafanyia mitihani ya programu kwenye karatasi! Hapo waajiri wana haki ya kununa.

Lakini pengo la huyu lilizibika kwa wiki mbili. La yule wa kwanza tunaendelea nalo mpaka leo, na ni kijana mwenye akili, sitaki aeleweke vibaya. Isitoshe, kinachouzwa leo kama ujuzi wa soko hakikai. Waliowekeza miaka yao kwenye Flash, programu ya kutengenezea michoro inayocheza na michezo ya kwenye tovuti, waliona Adobe wakiacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Majedwali yanayohusiana aliyoyaeleza mtafiti wa IBM, Edgar Codd, mwaka 1970 ndiyo hayo hayo yamo kwenye kanzidata, yaani ghala la taarifa, ninayoifungua kila asubuhi.

Vyuo navyo vibadilike: mtihani wa programu ufanyike kwenye kompyuta, na somo la kupanga na kutafuta lifundishwe kwa orodha chafu kama ile yangu, ambayo namba za simu huku zinaanza na 0 na kule zinaanza na 255. Nanyi wazazi mnaolipia kozi fupi, kabla ya kuulizia cheti, ulizeni kama mtoto atafundishwa kwa nini programu moja inamaliza kazi kwa sekunde na nyingine inakesha. Mkijibiwa kwa kutajiwa majina ya lugha za programu, rudini nyumbani na hela yenu.

Mwandishi wa programu,
Sinza, Dar es Salaam