Vanishi ya sakafu imenitoa jasho

Mhariri, salamu toka Mkomani, Lamu. Hawa mafundi wanaosema kila sakafu ya mbao lazima ipigwe vanishi wapunguze kidogo. Mie nilipaka chumba cha juu, mwanzo iling'aa mpaka unajiona uso, chai ikimwagika unafuta tu, hapo sibishi. Lakini huku kwetu mchanga unaingia na kila mguu, miezi sita tu pale mlangoni ishachunika kama magamba ya samaki changu, na kuziba kiraka hakupendezi, sharti upige msasa chumba kizima, vumbi mpaka ndani ya chandarua! Mafuta ya mbao hayang'ai hivyo na yataka kurudiwarudiwa, ila unapaka palipochakaa tu. Na juzi mama kateleza hapo kwenye vanishi, miguu mibichi katoka kutia udhu, jamani.

Msomaji wenu, Lamu