Hii namba 2147483647 imenikaa kichwani

Rafiki yangu,

Mambo vipi, mi niko poa kabisa. Nataka kukuambia kuhusu namba moja tu, 2147483647. Watu wa kompyuta wanaijua, ndo namba nzima kubwa kabisa inayoingia kwenye biti 32 (nafasi 32 za 0 au 1) pale nafasi moja inapokuwa ya alama ya chanya au hasi, na mifumo mingi ya zamani inayohesabu sekunde itakwama hapo Januari 2038. Mi lakini napenda zaidi kwamba ni namba tasa, na mwanahisabati Euler alionyesha hilo mwaka 1772, bila mashine yoyote, macho yake yakiwa karibu yamekwisha!

Sasa hebu fikiria kazi yenyewe. Kipeuo chake cha pili ni 46340 na kidogo, kwa hiyo ukitaka kuhakikisha inabidi ujaribu kuigawa kwa kila namba tasa mpaka hapo, na ziko zaidi ya 4700. Nani ana huo muda? Namba yenyewe ni 2^31 − 1. Tuseme kuna p tasa inayoigawa. Basi ukiwa unaizidisha 2 kwa 2 huku unashika baki tu za kugawa kwa p, unarudi kwenye 1 baada ya hatua 31, na Fermat, mwanahisabati wa kabla yake, alishasema baada ya hatua p − 1 lazima uwe kwenye 1 pia, na kwa vile 31 nayo ni tasa hakuna kurudi mapema, kwa hiyo 31 lazima iigawe p − 1. Hapo tu umeshafuta karibu zote. Halafu kuna sharti lingine, p ukiigawa kwa 8 lazima ibaki 1 au 7. Ukiyaunganisha, p ukiigawa kwa 248 inabaki 1 au 63, basi! Namba za hivyo mpaka 46340 hazifiki 400, na nyingi hata si tasa, unaziruka. Ya kwanza ya kujaribu ni 311, nimeigawa kwa mkono, inabaki 35.

Kwangu huo ndo uzuri wenyewe, kuliko hata ile rekodi ya Oktoba 2024 ya namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, 2^136279841 − 1, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, ambayo naiheshimu sana ila huwezi kuishika kichwani. Hii ya Euler unaishika yote kwa kalamu.

We chukua 2^29 − 1 ujaribu, hiyo si tasa. Sharti la kwanza linakupa 59, 117, 175, 233, la pili linazitupa 59 na 117, na ukiiruka isiyo tasa unabaki na moja tu kati ya hizo. Gawa 2^29 − 1 kwa hiyo, halafu uniandikie umepata jibu gani na jibu hilo linagawanyika kwa nini tena.

Nasubiri.