Akaunti haikudukuliwa, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka na miaka na sijawahi kukuandikia, hata siku ile mlipoweka picha ya kipa mkaandika jina la mfungaji. Lakini ile habari ya Jumanne, ya winga wa timu ya vijana aliyemporomoshea matusi mshika kibendera kwenye Instagram, nimeshindwa kuimeza. Mlimalizia kwa kusema kwamba, kwa mujibu wa klabu, akaunti ya mchezaji ilidukuliwa. Basi, habari ikaishia hapo.

Ilidukuliwa na nani? Maana kila chipukizi akitukana watu usiku, ikifika asubuhi akaunti imedukuliwa. Mdukuzi wa ajabu huyo: hataki pesa, habadilishi nywila, kazi yake kumtukana mwamuzi tu, kisha anamrudishia mwenyewe akaunti yake ikiwa na wafuasi walioongezeka.

Mwaka jana nilikuwa saluni ya mtaani kwetu nasubiri zamu. Kwenye kiti alikaa kijana wa akademi moja hapa mjini, kocha amemtoa dakika za mapema kwenye mechi ya jana yake, simu mkononi. Kinyozi anamwomba ainamishe kichwa apate kumchonga nyuma, kijana hataki, anaandika. Akimaliza mstari anausoma kwa sauti, wenzake wanacheka, mmoja akamwambia aongeze na la mama yake kocha. Akaongeza. Wakati anatuma akatikisika kwa kicheko, mashine ikala nywele juu ya sikio, na kinyozi naye akatukanwa papo hapo. Kesho yake nikamsikia redioni kiongozi wa klabu, mtu mzima mwenye watoto, akisema kwa upole kabisa kwamba "kijana wetu amefanyiwa uhalifu wa mtandao". Mama yake kocha anauza vitumbua karibu na stendi. Wapuuzi walimfuata na simu hadi kwenye karai lake, wakamuuliza kama anataka asomewe. Huyo hakuna aliyemwomba radhi, kwa sababu rasmi hakuna aliyemtukana!

Wanaodhani wanawasaidia hawa watoto waangalie kwa wenzetu. Mruka miruko mitatu wa Ugiriki, Paraskevi Papachristou, aliondolewa kwenye timu ya Olimpiki ya London 2012 kabla hajaruka hata mara moja, kwa sababu ya mzaha alioandika Twitter kuhusu Waafrika walioko nchini kwao. Andre Gray, mshambuliaji wa Burnley ya Uingereza, aliifunga Liverpool Agosti 2016, watu wakafukua maneno ya chuki aliyoyaandika 2012 akichezea timu za chini huko. Akafungiwa mechi nne na kutozwa faini ya pauni 25,000. Huyo winga wetu mnayemfichia leo, siku akipata timu ya maana nje, mnadhani hawatamfukua?

Lakini watajifunza kwa nani? Ukurasa rasmi wa klabu wenyewe kazi yake kumkejeli jirani kutwa nzima, na msemaji analipwa mshahara kwa hiyo kazi. Nanyi pia, Mhariri, msijitoe. Matusi yale yale mliyapiga skrinishoti mkayabandika kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni na kichwa "Dogo awasha moto". TFF, shirikisho letu la soka, inayo Kamati ya Maadili, na mwaka 2022 ilimfungia Haji Manara, msemaji wa Yanga wakati huo, miaka miwili na faini ya shilingi milioni 20 kwa maneno aliyomtolea rais wa shirikisho. Kwa hiyo akitukanwa mkubwa kanuni zinaonekana. Akitukanwa muuza vitumbua, mdukuzi.

Sitaki mtoto apelekwe polisi wala asomewe Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Apewe kibendera. Mechi sita za ndondo, soka la mtaani, uwanja wa vumbi, jua la saa tisa, upande ule wanaokaa mashabiki, na simu abaki nayo meneja wake. Akinyoosha kibendera kwamba mtu kaotea, asikilize mwenyewe mama yake anavyotajwa. Na posho alipwe kama washika kibendera wenzake, yaani asubiri mpaka mashindano yaishe, kisha aambiwe mhasibu kasafiri.

Msomaji wenu,
Mabibo, Dar es Salaam