Meli ya dola 499, na kikoba kinachovunjwa Desemba

Mwezi uliopita aliingia kwenye ofisi yetu ya wakala wa safari, Kariakoo, mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Tabata, akihema kidogo kwa zile ngazi zetu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniwekea simu mezani. Kwenye skrini kulikuwa na meli nyeupe ndefu kama mtaa, bahari ya buluu, na maandishi makubwa: usiku saba, Mediterania, kuanzia dola 499.

"Mwanangu, mimi na baba yenu tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Hela hii tunayo, na tunataka kwenda Februari. Niambie nalipia wapi."

Watu wengi wanatujia na tangazo la namna hiyo, kwa hiyo nimeona niandike hapa yale niliyomweleza, ili anayekuja apande ngazi akiwa na picha kamili.

Neno la kuangalia kwenye tangazo ni "kuanzia". Hiyo bei ni ya chumba cha ndani kisicho na dirisha, kwa tarehe isiyogombewa, na ni ya mtu mmoja ndani ya chumba cha watu wawili. Ukisafiri peke yako, kampuni nyingi zitakutoza karibu nauli ya watu wawili, kwa sababu kitanda cha pili kinaenda kitupu. Wateja wetu wanaosafiri wenyewe hukasirika sana hapa, na siwalaumu.

Nikavuta karatasi, tukapiga hesabu ya wawili. Nauli dola 998. Ushuru wa bandari tukaukadiria dola 130 kwa kila mmoja, kwa kuwa tangazo lake halikuujumlisha, 260. Bakshishi ya wahudumu haiachwi kwa hiari yako kama hotelini. Kampuni nyingi hukata kila siku, tuseme dola 14 kwa kichwa, na zipo zinazofika 20. Kwa wawili, usiku saba, 196. Viza ya Schengen, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, kwa hiyo wawili ni karibu dola 210, bado ada ya kituo cha kupokelea maombi. Tiketi za ndege Dar hadi Barcelona kwenda na kurudi, kwa wastani wa dola 900 kila mmoja, 1,800. Hoteli usiku mmoja kabla ya kupanda meli, 120. Bima, 80. Halafu matumizi ya ndani ya meli na matembezi ya bandarini, tukaweka 300 kwa kubana. Jumla dola 3,964. Kwa chenji ya shilingi 2,500, hiyo ni milioni tisa na laki tisa na elfu kumi.

Mama akanyamaza. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena na kuisoma karatasi upya kuanzia juu. Kidole chake kikasimama kwenye ndege. Ndiyo, nikamwambia, kwa sisi wa Dar ndege inaweza kuzidi nauli ya meli yenyewe. Anayeishi Barcelona anaburuta begi lake hadi bandarini, na tangazo lile lilimlenga yeye.

Kwa upande wa pili, nauli ya meli imebeba mengi: chumba, milo yote ya kawaida, burudani za usiku, na usafiri wa mji hadi mji wakati wewe umelala. Soda, pombe na intaneti kwa kawaida ni juu yako, na intaneti ya baharini ni ghali. Zima data kabla meli haijaondoka, maana simu ikishika mtandao wa meli kimyakimya, bili yake utaisimulia hadi kwa wajukuu.

Nikamuuliza, "Mama, hela hii inatoka wapi?"

"Kikoba. Tunavunja mwanzoni mwa Desemba."

Hapo ndipo safari ya Februari ilipofia. Kampuni za meli hupokea kianzio siku ya kubuki, kisha hutaka salio lote siku nyingi kabla ya safari. Nyingi ni siku 90 hivi, nyingine chini ya hapo au zaidi. Meli ya mwishoni mwa Februari ingetaka salio mwishoni mwa Novemba, wakati hisa za mama bado zimo kwenye sanduku la kikoba. Usipolipa kwa tarehe hiyo, nafasi yako inafutwa na kianzio kinaweza kupotea. Ukishalipa salio halafu ukaghairi, makato yanakua kadiri safari inavyokaribia, na wiki za mwisho hurudishiwi kitu. (Na Februari Mediterania ni baridi. Yale maji ya kwenye picha ni ya kiangazi.)

Tukahamia katikati ya Mei. Ukihesabu kurudi nyuma siku 90 unaangukia katikati ya Februari, kikoba kimeshavunjwa. Ila kuna tarehe nyingine ambayo wateja huisahau kabisa. Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo kwa mama ni katikati ya Novemba. Majibu kwa kawaida ni siku 15, lakini yanaweza kuvutwa hadi 45. Kwa hiyo kati ya Novemba na Februari una dirisha la kama miezi mitatu la kujua kama viza ipo kabla hujamwaga hela yote. Mama akipeleka maombi kabla ya Krismasi, hata akipewa siku zote 45, mwanzoni mwa Februari atakuwa na jibu mkononi. Anayesubiri hadi Machi ameshalipa salio, na akinyimwa viza, sababu hiyo haimrudishii nauli. Bima nyingi za safari nazo hazifidii viza iliyokataliwa; ile ya viza, inayotakiwa kuwa na kinga ya angalau euro 30,000, kazi yake kubwa ni matibabu na kukurudisha nyumbani.

Sasa ile hela ya kikoba. Ubalozi unaangalia taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na milioni kadhaa zinazotua ghafla wiki moja kabla ya maombi zinaleta maswali. Hela ni halali, lakini karatasi ya benki haijui kikoba ni nini. Tulimwambia mama aambatanishe barua ya mwenyekiti, nakala ya daftari la hisa na ya katiba ya kikundi, pamoja na taarifa ya pensheni ya mzee inayoingia kila mwezi. Maelezo ya ukurasa mmoja yanatosha.

Njia ya meli nayo tuliikagua bandari kwa bandari. Barcelona, Marseille, Genova, Civitavecchia ya kuelekea Roma, Palma, kurudi Barcelona: zote ndani ya Schengen. Lakini meli inayoanzia Piraeus, ikagusa Kusadasi ya Uturuki na kurudi visiwa vya Ugiriki, imekutoa Schengen na kukurudisha. Kwa viza ya kuingia mara moja umekwama, na Uturuki yenyewe ina masharti yake ya viza. Ndiyo maana tunauliza njia kabla ya kuuliza bei. Anayetaka kuonja tu bahari bila mlolongo huu, tunamwelekeza meli za Durban wakati wa msimu wao wa kiangazi. Mtanzania haombi viza ya Afrika Kusini kwa matembezi mafupi, wala ya Msumbiji, ambako meli hizo hupenda kutia nanga.

Wateja wengine hutulalamikia kwamba tumepandisha bei kati ya kianzio na salio. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei za huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni, hivyo tunakuandikia kwa shilingi, lakini kampuni ya meli inadai dola au euro. Mwaka 2024 dola ilikaribia 2,700, kisha Desemba ikashuka hadi karibu 2,400. Kwa dola 4,000, tofauti hiyo ni milioni moja na laki mbili. Bei yetu tunaishikilia siku mbili, na salio tunalipigia kwa chenji ya siku unayolipa. Weka asilimia kumi pembeni. Ikibaki, ni hela ya zawadi za wajukuu.

Ukilipa, lipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, siyo namba binafsi ya kijana wa ofisini, hata akiwa mimi. Dai risiti, na dai namba ya uthibitisho kutoka kampuni ya meli yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, kisha ingia kwenye tovuti yao uione mwenyewe. Wakala anayenuna ukimwomba hivyo, muage kwa adabu.

Kadi ya benki uipeleke ikiwa imefunguliwa kwa malipo ya nje. Melini matumizi yote huingia kwenye akaunti ya chumba, na kadi ya kawaida inaweza kushikiliwa kiasi fulani ambacho hakikurudii mpaka siku kadhaa baada ya kushuka. Kampuni nyingi hupokea fedha taslimu kwa akaunti hiyo, na sisi tunapendelea hivyo.

Ule usiku wa hoteli Barcelona, mama alitaka tuukate. Nilikataa. Miaka ya nyuma niliwahi kumkubalia mteja afike asubuhi ya siku ileile. Ndege yake ikachelewa kwa muda wa saa tano na meli ikaondoka. Ukikosa pantoni ya Kigamboni unangoja inayofuata. Pale aliifuata meli bandari ya pili kwa tiketi nyingine ya ndege, kwa hela yake.

Alikunja karatasi mara mbili akaitia kwenye pochi, chini ya kitambulisho cha kikoba. Mlangoni akageuka.

"Na chai ipo humo melini, au nayo inakatwa?"

"Ipo mama, ya bure, asubuhi hadi usiku. Ila chai ya maziwa yenye tangawizi kama ya kwako, sikuahidi."

"Basi tangawizi nitabeba."