Maji taka yatenganishwe na visima

Mhariri,

Mjadala wa maji kisiwani Lamu kila mara huishia kwenye uhaba: vilima vya mchanga vya Shela, vinavyohifadhi maji ya mvua, vilindwe, mabomba yaongezwe. Ni kweli. Lakini sisi wa vijijini, upande huu wa Matondoni, tunayasahau maji yanayotoka nyumbani baada ya kutumika.

Maji matamu tunayoteka ni ya mvua, yamejikusanya mchangani yakielea juu ya maji ya chumvi, tena si kina kirefu. Mchanga hunywa upesi, kwa hiyo maji ya chooni hayapati muda wa kuchujika kabla ya kuyafikia. Kuna nyumba hapa ambayo kutoka shimo la choo hadi kisimani ni hatua 12, nimezihesabu mwenyewe. Ndoo ikipanda, maji ni maangavu, hayana harufu, na watoto hunywa papo hapo. Hilo ndilo linalonitia hofu, kwani vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho.

Naiomba serikali ya kaunti, ambayo Katiba ya 2010 imeikabidhi huduma za maji na usafi, ianze na kijiji kimoja. Nyumba kadhaa ziunganishwe na tangi moja lisilovuja, uchafu utuame humo, kisha maji yapite kwenye kitalu cha kokoto kilichopandwa matete kabla ya kumwagiwa minazi. Haihitaji umeme, mteremko tu. Na lisichimbwe shimo jipya la choo kabla afisa wa afya hajapima umbali wake na kisima.

Mkazi wa Matondoni,
Lamu