Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, Assalaam aleikum, na salamu kwenu nyote.

Mwaka huu jasho letu lilimwagika zaidi kwenye maktaba yetu ya draiva za vihisi, yaani mkusanyiko wa programu ndogo zinazosoma vifaa vya kupimia, kwa hivyo nitaanza na hilo.

Wengi mnakijua kisa cha friza ya mama muuza samaki wa Mji wa Kale, tuliyoifungia kihisi cha joto cha DS18B20. Usiku mmoja umeme ulikatika ukarudi, king'ora kikalia, kioo kikaonyesha digrii 85. Mama wa watu akatoa samaki wote, akaanza kuwagawia majirani. Nilipofika alfajiri alikuwa amebakiwa na changu mmoja. Nilimgusa: mgumu kama jiwe.

Kosa lilikuwa letu. Kihisi hicho kikipata umeme upya hushika 85 kwenye kumbukumbu yake mpaka kimalize kupima, na kwa biti 12, kipimo chake cha kina zaidi, kupima huchukua hadi milisekunde 750. Draiva yetu haikungoja. Ukaguzi wa CRC, unaotambua namba iliyoharibika njiani, nao haukutusaidia, kwa kuwa namba ilifika salama. Ila haikuwa kipimo cha kitu chochote.

Sasa draiva ikikuta 1360, yaani 85 kwa sehemu za kumi na sita za digrii, hupima tena kabla ya kuamini. Ikishindwa kusoma hurudisha kosa, kamwe si sifuri. Hili nililishikilia kila kikao, nanyi mlinivumilia, ahsanteni. Sifuri ndani ya friza ni namba ambayo kila mtu angeiamini.

Kuhusu draiva ziwe nyepesi kiasi gani tulibishana sana. Baadhi yenu mlitaka draiva zitoe desimali na maandishi yaliyokwisha kupangwa. Ni raha kutumia, sikatai. Lakini bodi zetu nyingi zina chipu ndogo ya ATmega328P: flashi ya kuhifadhi programu kilobaiti 32, RAM ya kufanyia kazi kilobaiti 2, na haina sakiti ya kukokotoa desimali. Tumebaki na namba kamili, na hakuna draiva inayoomba kumbukumbu zaidi programu ikiwa inaendelea. Anayetaka desimali atagawanya mwenyewe.

Tuliuziwa pia vihisi vya BME280, vinavyopima joto, kanieneo ya hewa na unyevu, kumbe baadhi ni BMP280, ambavyo havipimi unyevu. Draiva sasa husoma kwanza rejista 0xD0, sehemu ya kihisi inayohifadhi namba ya utambulisho wake: ikijibu 0x60 ni BME280, ikijibu 0x58 tunavirudisha dukani.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Madarasa ya Jumamosi yaliendelea. Wanaovuka Likoni wameomba tuanze saa nne badala ya saa tatu, nami naona ni haki yao.

Friza ya mama tumeiwekea programu mpya, na samaki wake tumemlipa kwa mchango wenu. Kilichobaki ni maelezo ya draiva ya BME280 kwa Kiswahili, ambayo hayajaandikwa. Aliye tayari amwachie katibu jina lake kabla hatujatawanyika.